Kumpima Mama Tansio Barzani

Kaka yangu mkubwa alinunua mashine ya kupimia damu ili watu waione. Sisemi haya kwa wivu. Alikuwa karani wa reli hapa Kindu miaka yote ya kazi yake, na mtu aliyezoea kugonga muhuri hawezi kustaafu kwa amani, lazima atafute kitu kingine cha kugonga. Siku aliyoileta, ikiwa ndani ya boksi lenye picha ya mzee wa Kizungu anayetabasamu mkono ukiwa umefungwa, alisimama katikati ya ua akatangaza kwamba kuanzia kesho mama atapimwa kila asubuhi, saa mbili kamili. Mama alikuwa anachambua mchele. Aliinua macho, akamwambia asante, akaendelea kuchambua.

Kwetu shinikizo la damu tunaliita tansio, na mama alikuwa nayo tangu zamani. Kituo cha afya kilimpa kinini, yaani kidonge, kimoja cha kumeza kila asubuhi, naye alikuwa anakimeza bila kelele, maisha yanaenda. Mimi, binti yake, nilikuwa nimerudi kukaa naye baada ya kustaafu ualimu kule Kibombo. Nilikuwa nampikia, namfulia, namkanda magoti jioni. Lakini sikuwa na mashine, kwa hiyo kuanzia siku ile nilihesabiwa kuwa mtumishi tu wa nyumba, na kaka akawa munganga, yaani daktari.

Angeweza kumpimia chumbani. Chumba kipo, kiti chenye mgongo kipo, utulivu upo. Ila chumbani nani angemwona? Akachagua barza, ile baraza ya mbele ya nyumba, ambayo inatazama njia ya kushuka mtoni. Kila asubuhi alitoa meza ndogo, akaitandika kitambaa, akaweka mashine upande wa kulia na daftari upande wa kushoto. Daftari lile alikuwa amelipiga mistari kwa rula: tarehe, saa, namba ya juu, namba ya chini, mapigo ya moyo, na mwisho kabisa safu ya maoni. Kwenye reli alikuwa anaandika saa ya kufika ya treni ambazo hazikufika, basi mkono ulikuwa umeshazoea.

Mama alikalishwa kwenye stuli ndefu ili aonekane vizuri. Ni mwanamke mfupi, miguu yake ilikuwa inaning'inia kama ya mtoto kwenye dawati la wakubwa. Asubuhi kuna baridi ya mto, hivyo anavaa sweta, na mwana wa kiume hawezi kumwambia mama yake afunue mkono mbele ya njia ya watu. Kaka akaufunga mkanda juu ya sweta, akabonyeza kitufe, akarudi nyuma hatua moja kwa heshima.

Lakini sweta ilikuwa jambo dogo. Asiyemjua mama lazima aelezwe kwanza. Amepika vitumbua miaka mingi sana, na nusu ya watu wanaoshuka bandarini walivila vitumbua vyake kabla hawajaota meno ya pili. Tena ametoka katika familia za Waislamu wa zamani wa mji huu, ambazo kwao salamu haiachwi chini. Ukimsalimu hajibu kwa neno moja tu. Anajibu, anauliza nyumba, anauliza watoto, anauliza shamba la Kailo, anauliza yule mgonjwa wa wiki iliyopita kama alipona ama alizikwa bila yeye kuambiwa. Na saa mbili asubuhi ndiyo saa ambayo njia yetu inajaa: wamama wenye mabeseni ya majani ya mihogo, watu wa mitumbwi, wanafunzi, wasukuma baiskeli waliobeba mchele.

"Jambo mama! Umeamuka je?"

"Jambo sana, binti yangu. Nimeamuka muzuri. Bwana yako, ule mukono ulivunjika, ulipona?"

Mashine inanguruma, mkanda unavimba.

"Ulipona, mama. Na magoti yako?"

"Magoti njo haya," yaani ndiyo haya. "Mungu iko."

Huyo hajamaliza, mwingine amefika. Wakati mkanda unaachia hewa, mama amekwisha kusalimiana na watu watatu, amecheka mara mbili na amemsikitikia mmoja aliyefiwa. Kisha kaka anainama kwenye kioo na kusoma kwa sauti ya kituo cha treni: "Mia moja sabini na mbili!" Waganga wetu hapa hawatumii hizo mia, wao wanasema kumi na mbili kwa nane, kumi na tano kwa tisa. Kwa hiyo kaka alikuwa anaikata ile tarakimu ya mwisho, anatangaza upya, "Kumi na saba!", na njia nzima inasema "Aaa!" kwa huruma.

Wiki haikuisha, majirani wakaanza kuja nao wapimwe. Hapo ndipo nilipojua jinsi watu wetu wanavyopenda ugonjwa ukiwa na namba. Mwenye kumi na nane alishuka kwenye stuli akitembea polepole kama chifu. Mwenye kumi na sita alisema mashine haikumbana vizuri, apimwe tena. Mwalimu mmoja wa zamani, mtu mwenye shamba, wake wawili na kesi mahakamani, alipoambiwa ana kumi na moja kwa saba alikasirika. "Hii mashine inanizarau," alisema. "Na mawazo yote niko nayo!" Kaka alimpima mara nne mpaka ikafika kumi na tatu, ndipo akakubali kwenda nyumbani. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini wengine wetu tumenyoa.

Mimi nilikuwa nakaa mlangoni na kikombe changu cha chai, nacheka. Narudia hapa kwa makusudi: nilikuwa nacheka. Nilikuwa nacheka daftari, nacheka stuli, nacheka safu ya maoni ambamo kaka aliandika "hali inatia wasiwasi" kwa mwandiko wa kulala. Sikutazama mdomo wa mama hata siku moja.

Namba zilipokataa kushuka, kaka akachukua hatua. Kinini kimoja kikawa viwili. Viwili vikaonekana havitoshi. Jirani yetu mjane alikuwa amebakiwa na dawa za mume wake, ambaye naye alikuwa na tansio, na kaka akaenda kuziomba. Nilimwuliza: marehemu mwenyewe zilimfikisha wapi? Akanijibu kwamba mimi nimesomea jiografia. Basi mama akawa anameza vyake viwili na kimoja cha marehemu, kila asubuhi, mara baada ya kupimwa. Akaanza kulala mchana, yeye ambaye hakuwa analala mchana. Akaanza kusema dunia inamzunguka. Kaka akaandika yote hayo kwenye safu ya maoni.

Alhamisi moja, karibu na adhuhuri, mama aliinuka mkekani aende kutawadha. Alipiga hatua mbili. Nilisikia kishindo nikiwa jikoni, nikamkuta amelala kando ya pipa la maji, damu inatoka juu ya nyusi. Macho yalikuwa wazi, ananitazama, lakini hakujua kwamba ni mimi. Nilipiga yowe ambalo kaka alilisikia kwake, nyumba ya tatu. Alikuja anakimbia, kwenye mkono mmoja mashine, kwenye mkono wa pili kinini.

"Tansio imemupanda," alisema. "Tumupe moja ingine, upesi."

"Ukimutia hiyo mudomoni nitakukata hiyo mukono," nilimwambia. Ni kaka yangu mkubwa, sikuwahi kumwambia neno kama hilo.

Tulimbeba mpaka kitandani. Nilimvua sweta mwenyewe, nikamfunga mkanda kwenye ngozi, nikabonyeza kitufe. Mama hakuwa na nguvu ya kusema. Mashine ikaonyesha tisa kwa tano. Nikarudia, tisa kwa tano. Kaka akasema betri zimekwisha. Sikio la kufa halisikii dawa, ila safari hii sikio lilikuwa la kaka, na wa kufa angekuwa mama.

Muuguzi wa kituo cha afya, binti mwenye umri wa wajukuu wetu, alikuja kwa miguu. Alihesabu vinini, akauliza vimetoka wapi, na alipoambiwa alifunga macho kidogo. Alimpa mama maji, akamwinua miguu juu ya mto, akamshona ile nyusi. Akasema dawa za marehemu zitupwe chooni leo, ile nyingine isimezwe mpaka atakaporudi, na kwamba siku mbili zaidi za namna ile tungekuwa tunanunua sanda. Jumatatu aliporudi, mama akiwa anaweza kukaa, akamwomba kaka amwonyeshe jinsi anavyopima. Kaka alifurahi. Alitoa meza, akatandika kitambaa. Binti akasimama pembeni amefumbata mikono, akamtazama mama anaulizia watoto wa watu wawili na kilio cha mtu mmoja, juu ya stuli, ndani ya sweta.

"Papa," alimwambia kaka, "hapa unapima salamu. Tansio ya mama hujaipima bado hata siku moja."

Akaeleza kama anayewafundisha watoto: akae kwanza dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono wazi juu ya meza usawa wa moyo, na asiseme neno mpaka mashine imalize. Kinini kimoja, kama mwanzo. Kaka alifungua daftari ayaandike kwenye maoni, kisha akalifunga.

Nilishinda, na nilishinda kwa ubaya. Niliichukua mashine na daftari nikavifungia kabatini kwangu. Kila asubuhi nilimkalisha mama chumbani, nikafunga dirisha, nikafunga mlango na komeo, nikahesabu dakika tano. Kumi na tatu kwa nane. Kumi na tatu kwa saba. Namba za mtu mzima wa afya. Kaka alikuwa anakuja kukaa barzani peke yake, bila meza, na mimi nilimpitia kana kwamba ni gunia.

Siku ya nne mama alikataa kunipa mkono.

"Mulango unafungwa juu ya nini?" aliuliza. "Miye niko mugonjwa ao niko mufungwa?"

"Ni kwa ajili ya utulivu, mama."

"Utulivu." Alilirudia kana kwamba ni jina la mtu aliyemdhulumu. "Baba yenu alipimwa humu na utulivu."

Ni kweli. Ilikuwa miaka ya vita, mimi mwalimu kijana, shule zimefungwa. Mji ulikuwa umebanwa: treni haiji, boti hazipandi wala kushuka, njia za kwenda mashambani ni za watu wenye bunduki. Baba alikuwa fundi wa reli asiye na reli, na kichwa kilikuwa kinamuuma mpaka anakishika kwa mikono miwili. Jirani mmoja, muuguzi wa kiume, alikuwa ameficha mashine yake ya kubana mpira ndani ya gunia la pumba za mchele, maana wenye bunduki walichukua chochote kinachong'aa. Alikuwa anapitia nyuma ya nyumba mchana, wakati wale wamelala. Tulifunga mlango na dirisha. Hakuna aliyekohoa. Muuguzi alisikiliza kwa masikio, akanong'ona: kumi na tisa kwa kumi na moja.

Halafu akatoa ushauri wake, ule ule wanaoutoa mpaka leo. "Papa, uache chumvi. Na usikuwe na mawazo."

Chumvi! Miezi ile chumvi ilikuwa inauzwa kwa kijiko cha chai, na muuzaji anaisawazisha kwa kidole isizidi hata punje. Watu walichoma majani ya mtoni wakachuja majivu ili mboga ipate ladha ya kitu. Baba alimtazama yule bwana. "Uniletee kwanza hiyo chumvi," alisema, "njo nitaiacha." Akacheka mpaka muuguzi akamziba mdomo kwa kiganja, kwa kuogopa wa nje wasisikie. Kuhusu mawazo hakuna aliyesema kitu. Dawa haikuwepo mji mzima. Tulikuwa na namba tu, kila baada ya siku mbili namba, na namba zilikuwa sahihi kabisa. Baba alikufa upande mmoja kwanza, wiki tatu baadaye akafa mzima. Wanaume sita walimzika haraka wakatawanyika. Kukusanyika kulikuwa hatari, basi matanga hayakuwepo.

Hayo nilikuwa nayakumbuka kama mtu anavyokumbuka vita, yaani upande wake tu. Upande wa mama sikuujua mpaka asubuhi ile.

"Nilikaa humu siku saba," alisema. "Mulango umefungwa. Hakuna mutu hata mumoja aliingia kusema jambo, kusema pole. Watu niliwalisha vitumbua vyangu! Nilikuwa nasikia miguu yao inapita kule njiani, haisimami."

"Mama, ile ilikuwa vita."

"Najua ilikuwa vita. Sasa vita ilikwisha, watu wanasimama, na wewe njo unafunga."

Sikuwa na jibu, na mwalimu asiye na jibu hutunga sheria. Nikakubali turudi barzani, lakini kwa masharti yangu. Kiti chenye mgongo. Miguu chini. Kikwembe, yaani kitenge, chepesi begani badala ya sweta, ili mkono ufungwe kwenye ngozi bila aibu. Na kimya. Nilichukua kikwembe kingine, chekundu, nikawatangazia majirani wote: kikiwa kimetundikwa kwenye nguzo ya barza, mama anapimwa, asisalimiwe na mtu yeyote. Niliwaeleza sababu. Nilimtaja binti wa kituo cha afya. Niliwaambia kwamba salamu zenu zilikaribia kumwua.

Kaka alirudi kazini kwa furaha kubwa. Alivaa ile kofia yake ya reli, akasimama ukingoni mwa barza, kila mtu akikaribia anainua kiganja kama anayesimamisha treni. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Siku za kwanza watu walisahau, wakafungua mdomo, wakaona kiganja, wakaufunga. Halafu wakazoea. Baadaye hawakuhitaji kiganja, nguo nyekundu ilitosha. Nilijisifu moyoni: hatimaye mtaa huu umefundishika.

Asubuhi moja niliketi kando ya mama, mkanda umefungwa vizuri, dakika tano zimepita. Wamama wa majani ya mihogo wakatokea kwa mstari, wanaongea. Walipoiona nguo wakanyamaza wote mara moja. Mmoja akamvuta mtoto wake upande wa pili wa njia. Wakapita macho yakiwa chini. Nyuma yao mtu wa baiskeli alishuka, akaisukuma taratibu ili mnyororo usilie. Kisha mzee wa mitumbwi, ambaye mama alimlisha tangu akiwa na kamasi, alipofika mbele ya barza akavua kofia, akainamisha kichwa, akapita. Mama alifungua mdomo. Kaka akaweka kidole kwenye midomo yake mwenyewe. Mama akaufunga.

Mashine ikamaliza.

"Kumi na mbili kwa munane!" Kaka nusura acheze. "Mama! Hii tansio ni ya musichana!"

Mama hakugeuka. Alikuwa anaitazama njia, na machozi yalikuwa yanamshuka bila sauti, yanaingia kwenye mikunjo ya shavu.

"Wananipita," alisema. "Wananipita sawa mutu alishakufa."

Miezi yote ile nilimdharau kaka kwa sababu aliitazama mashine asimwone mama. Na mimi, msomi, mwenye masharti, nilikuwa nimeketi sentimita thelathini kutoka kwake, namba nzuri kuliko zote mkononi, nimemfungia mlango mahali ambapo hata mlango hakuna.

Niling'oa mkanda. Nikaing'oa na ile nguo nyekundu kwenye nguzo, nikashuka njiani miguu mitupu, nguo mkononi, nikawafuata wale wamama huku napiga kelele: "Murudie! Murudie kwa mama!"

Waligeuka, wakaniona nakuja hivyo, kichwa wazi, uso umelowa. Wa mbele aliachilia beseni, majani yakamwagika njia nzima, akashika kichwa chake akaanza kulia kilio cha msiba, na wenzake wakapokea. Nilijaribu kuwaambia sivyo, mama ni mzima, lakini nani angenisikia. Ikabidi mama mwenyewe ajishike nguzo asimame, na apaze sauti toka barzani.

"Jambo, binti yangu! Unalia nini? Ku nyumba kuko nani mugonjwa?"

Yule mwanamke akajibu salamu huku bado analia, na mama akaanza kumwulizia watoto, mmoja mmoja.